Diski ya Pili

Leo sina habari za programu wala hifadhidata. Wale mliokuja kujua ile seva niliyokuwa nikiihamisha imefikia wapi, niwieni radhi, imekwama na mimi nimekwama nayo. Leo nataka kuongea juu ya sinema, vipindi vya runinga, michezo ya kompyuta na muziki. Najua kila mtu ana maoni yake kuhusu mambo hayo na hakuna aliyeniuliza yangu! Lakini yangu yamepinduka kabisa katika miaka hii michache, tena si kwa kupenda, nikaona bora niyaandike kabla sijasahau zamani nilikuwa nikiamini nini.

Itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye VCD. Kama ulizaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hujawahi kuishika. Ilikuwa diski kama ya muziki, ila ndani yake mna picha. Walioibuni walifanya hesabu ya kibahili iliyonyooka sana: diski ya muziki inabeba dakika 74, basi tubane picha na sauti mpaka data yake ipite kwenye kifaa kwa mwendo uleule wa muziki. Picha ikawa nukta 352 kwa 288 tu, kitu kikienda kasi kinageuka miraba miraba, lakini dakika zikabaki zilezile 74. Sasa niambie, sinema gani inaisha kwa dakika 74? Ndiyo maana sinema ilikuja na diski mbili, na ile ndefu tatu.

Kule Nakuru tulikolelewa, kibanda cha video kilikuwa kikikodisha diski moja moja, shilingi 20 kwa usiku. Mimi na kaka yangu tulikuwa tunapata 20, si 40. Na hata siku ambayo 40 ilipatikana, utakuta diski ya pili iko kwa mtu mwingine, au imekwaruzwa, au ukifungua ganda lake unakuta nyimbo za injili za mtu.

Kaka ananizidi miaka 6. Diski ikiisha, skrini ikawa ya buluu tupu, aliweka rimoti chini na kusema, "Sasa sikiliza." Kisha ananimalizia sinema yote kwa mdomo, na milio ya bunduki juu. Alidai ameshaiona yote mjini na wenzake. Nilimwamini kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mfano ni The Matrix ya mwaka 1999. Ina dakika 136, na diski yetu ilikatika karibu na pale Neo anapopelekwa kwa yule mama anayeoka biskuti jikoni kwake. Kaka akanieleza kwamba yule mama si mtu, ni sehemu ya mashine yenyewe, na ukila biskuti yake umekwisha. Nilipokuja kuiona nzima nilimkasirikia sana kwa sababu hakuna kitu kama hicho. Halafu mwaka 2003 ikatoka The Matrix Reloaded, na humo yule mama ni programu kweli! Hadi leo kaka anadai akina Wachowski walimwibia na anangoja malipo.

Titanic nayo (dakika 194) ilikuwa na diski 3, sisi tukapata ya 1 na ya 3. Kwetu sisi meli haikugonga barafu kamwe. Watu walikuwa wanapendana, mara wote wako majini wanatetemeka. Kaka alisema nahodha alilala.

Kutokana na malezi hayo nikatengeneza nadharia yangu ya kwanza ya sinema, na bado naitetea: sinema nyingi zingekuwa bora bila diski ya pili. Nusu ya kwanza inauliza maswali, nusu ya pili inapiga risasi. Itazame I Am Legend (2007). Yule jamaa akiwa peke yake na mbwa wake katikati ya New York, husogei kwenye kiti. Wakishaingia wale viumbe wa kompyuta, unaanza kuangalia saa. Hancock (2008) ndiyo kabisa, imekatwa katikati kama mkate na vipande viwili havijuani. Vipindi vya runinga vina ugonjwa huohuo. Prison Break ilianza mwaka 2005 na msimu wa kwanza ulikuwa moto, lakini wale watu walipotoka jela nami ningetoka. Badala yake nikakaa hadi msimu wa nne, mwaka 2009, kama mjinga. Ninayoikubali bila ubishi ni The Shawshank Redemption (1994), ambayo nusu ya pili inalipa kila deni la nusu ya kwanza, mpaka senti.

Haya. Hayo ni maoni ya mtu mwenye macho.

Mwaka 2018 sote tulikuwa Nairobi, mimi nikiandika programu na kaka akiwa fundi wa umeme mwenye duka lake dogo Umoja. Kila Jumapili alikuja kwangu tukacheza FIFA 18. Kaka alikuwa bingwa wa familia tangu enzi za pedi za waya, na mwaka ule nikaanza kumfunga. Nikamfunga mechi 11 mfululizo. Nilikuwa nimegundua siri. Winga wangu wa kulia akipanda, kaka alikuwa hamwoni. Haangalii ile rada ndogo iliyo chini ya skrini, hapeleki mpira pembeni, anang'ang'ania katikati tu. Basi mimi nikawa napitia pembeni, napiga krosi, goli. Nikachora jedwali la matokeo na kulibandika kwenye friji. Nikaanza kumwita mzee. Hakukasirika, alisema tu taa za nyumba yangu ni hafifu.

Miezi kama minane baadaye alimkanyaga mtoto wangu aliyekuwa amekaa sakafuni kando ya kochi. Si kwa bahati mbaya ya kawaida, maana mtoto alikuwa anaimba. Mke wangu akanivuta jikoni akaniambia, "Huyu shemeji haoni."

Ilikuwa glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho yanaleta presha, presha inaua polepole ule mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mara nyingi inaanza kula kandokando ya picha. Haiumi. Wala huoni shimo jeusi, kwa sababu ubongo unajaza pengo kwa kubuni, unaendeleza ukuta pale palipo na ukuta, unaendeleza nyasi pale palipo na nyasi. Nilipomsomea kaka hayo akacheka. "Kumbe hata macho yangu yanatunga."

Kilichopotea hakirudi. Matone na upasuaji vinalinda kilichobaki, basi. Daktari hakutuambia ingekuwaje tungewahi, na mimi sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa na karatasi kwenye friji yenye tarehe 11 ambazo ningeweza kugundua.

Siku hizi jicho lake la kulia halina kitu, na la kushoto linaona mwanga na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Duka lipo, kijana wake ndiye anayepanda ngazi, yeye anakaa kwenye kiti na kusikia transfoma inayougua kabla ya kifaa chochote kuipima. Kwa miezi mingi hakutaka hata kusikia runinga ikiwashwa. Halafu Jumamosi moja akanipigia simu. "Njoo na sinema," akasema. "Una deni langu la diski kama 200."

Nikaenda na sinema ninayoipenda kuliko zote, Mad Max: Fury Road (2015). Nilijua nitang'ara. Jamani! Nilisema: "Gari. Gari lingine linakuja. Limelipuka. Lori kubwa. Gari. Limelipuka pia." Baada ya dakika 20 koo limekauka na kaka anakuna ndevu. Kitu pekee kilichomfurahisha ni yule mpiga gitaa aliyening'inia mbele ya lori huku gitaa linatema moto. Alinirudisha hapo mara tatu. Mengine yote, sinema ambayo kwa macho yangu ni ajabu ya dunia, kwa masikio yake ilikuwa gereji yenye kelele.

Wiki iliyofuata nikafanya kosa kubwa zaidi, nikaleta A Quiet Place (2018). Kwa asiyeijua, ni familia inayoishi kimya kabisa kwa sababu kuna madude yanayoua kila anayetoa sauti. Saa nzima na nusu watu wanatembea pekupeku na kuongea kwa ishara, na mimi peke yangu ndiye ninayepiga domo. Kaka akaniambia kama ningekuwa ndani ya sinema hiyo wote wangeshaliwa.

Hapo ndipo nilipoanza kupanga sinema upya kichwani, kwa kipimo cha masikio. Matokeo yake yalinishangaza. 12 Angry Men ya mwaka 1957, ya rangi nyeusi na nyeupe, wanaume 12 wa baraza la mahakama wamefungiwa chumba kimoja kwa dakika 96 wanabishana juu ya kesi, nilikuwa nikiiona kama kazi ya shule. Kaka aliisikiliza ameinama mbele, na kufikia katikati alikuwa anawajua wote kwa sauti na anawagombeza. Nairobi Half Life (2012) haikuhitaji maelezo mengi, maana Sheng yenyewe inakuonyesha mtu amesimamaje. Vioja Mahakamani ya KBC, ambayo nilikuwa nikiidharau kwa sababu seti ni ileile na kamera haisogei, sasa naiheshimu mno. Kamera haikuhitaji kusogea. Kila kitu kiko kwenye mdomo wa mshtakiwa. Breaking Bad nayo, ambayo marafiki zangu wote huitaja kwa unyenyekevu kama maandiko, ni kazi ya shokoa kuisimulia. Mtu anakaa anatazama bwawa la kuogelea kwa dakika nzima. Anafikiria nini? Sijui, kaka, anatazama bwawa.

Tofauti moja kubwa ni The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone (1966). Nilijua itakuwa balaa, kwa sababu inaanza kwa takriban dakika 10 bila mtu kusema neno, na mwishoni kuna wanaume watatu wamesimama makaburini wanatazamana tu kwa muda usioisha. Nilipofika makaburini nikavuta pumzi nianze: huyu anamtazama huyu, mkono unasogea... Kaka akaniwekea kiganja kwenye goti. "Nyamaza. Huyo wa muziki anaeleza." Ni Ennio Morricone. Tulikaa hivyo mpaka risasi ilipolia. Nimeiona sinema hiyo labda mara 9 na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoisikia.

Sasa nina maungamo. Kwa miaka mingi niliwacheka wanaopenda sinema za DJ Afro. Kwa wasomaji walio nje ya Kenya, huyu ni msimulizi anayeweka sauti yake juu ya sinema za ngumi na bunduki, akizieleza kwa Kiswahili na Sheng, na vibanda vya video vilijaa kwa ajili yake. Uganda wana watu wa namna hiyo pia, wanawaita VJ, na ile sinema ya vichekesho vya vita ya Wakaliga, Who Killed Captain Alex? (2010), imejulikana duniani na sauti ya VJ Emmie ikiwa juu yake. Mimi nilikuwa nikiuliza: kwa nini mtu aniongelee wakati waigizaji wanaongea? Nilijiona mwenye ladha. Nimekuja kugundua kwamba kaka yangu anaweza kufuata sinema ya DJ Afro mwanzo hadi mwisho bila mimi kuwepo. Watu wa vibanda walishalijibu swali langu zamani.

Na kabla yao kulikuwa na mpira wa redioni. Kaka ndiye aliyenikumbusha. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alitangaza mechi redioni kwa namna ambayo taifa zima liliona mpira bila kuuona. Ukimsikiliza kwa makini utagundua hakukueleza kila kitu. Alikupa mpira uko kwa nani na uko upande gani wa uwanja, sauti ikapanda, nyasi na jezi ukajaza mwenyewe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kusimulia kama mtangazaji wa mpira, na kaka amenipa sheria moja tu: "Usiniambie anahisi nini. Niambie mikono yake iko wapi." Jaribu siku moja. Sema "ana huzuni" halafu sema "ameshika kikombe kwa mikono miwili na hanywi." Utaona tofauti.

Mtaniuliza, wewe ni mtu wa kompyuta, kwa nini hutumii kompyuta? Nilijaribu. Kuna kitu kinaitwa maelezo ya sauti, yaani njia ya pili ya sauti ambayo msimulizi anaeleza picha katikati ya mazungumzo. Netflix walianza nayo Aprili 2015 kwa Daredevil, kipindi cha shujaa ambaye ni kipofu. Hebu fikiria, kipindi kuhusu kipofu ambacho vipofu walikuwa hawawezi kukifuata, wakalalamika, ikaongezwa! Ni kazi nzuri na kaka huitumia. Ila ni kwa Kiingereza, na msimulizi ana sauti ya mtu anayesoma mkataba wa bima.

Basi nikakaa chini nikaandika programu yangu. Faili la maandishi ya chini ya sinema ni kitu rahisi mno: nambari, saa ya kuanza, saa ya kuisha mpaka elfu ya sekunde, halafu maneno. Kwa mistari kama 40 ya Python unaweza kulisoma faili lote, ukatoa saa sentensi moja ilipoishia kwenye saa ile inayofuata ilipoanzia, na ukapata orodha ya mapengo. Mimi nilichukua kila pengo linalozidi sekunde 4, kwa sababu kwa sekunde 4 naweza kusema maneno kama 8 ya Kiswahili bila kukimbia. (Kiswahili kina maneno marefu. Hili la kusimulia limenifanya nianze kuvionea wivu vitenzi vifupi.) Nikaandika maelezo ya kila pengo, nikayapeleka kwa eSpeak, ile programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti na inayojua Kiswahili, nikaichanganya na sauti ya sinema. Usiku mbili za kazi kwa sinema moja, na nilijivuna sana.

Kaka alisikiliza dakika tano. "Huyu ni mtu," akauliza, "au ni lori linarudi nyuma?"

Programu bado ninayo, lakini siku hizi inanipa orodha ya mapengo tu. Naichapisha kwenye karatasi, najua nina sekunde ngapi wapi, na nasema mwenyewe. Haijawahi kuniridhisha programu fupi kiasi hicho.

Muziki nitaupitia haraka, maana hapo kaka hana shida na mimi ndiye kiwete. Zamani tulikusanya MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde na kuziona dhahabu. Hesabu yake ni hii: diski ya muziki inatumia kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo MP3 ile inabaki na sehemu moja kati ya 11, na kilichotupwa ni kile ambacho hesabu inaamini sikio halitakigundua. Mimi sikukigundua. Kaka anakigundua. Nilimpima kwa "Sina Makosa" ya Les Wanyika, mara diski, mara MP3, bila kumwambia ipi ni ipi. Kati ya majaribio 10 alipata 9, anasema matoazi yanasikika kama mtu anakaanga chapati chumba cha pili. Nilitaka kumfunga kitambaa machoni ili jaribio liwe la kisayansi, kwa mazoea tu, na nikashtuka mkono uko hewani. Alijua. "Mimi nimeshafungwa," akasema, "cheza wimbo." Na bado anashikilia kwamba hakuna aliyerapu Kiswahili kama E-Sir, aliyefariki ajalini tarehe 16 Machi 2003 akirudi Nairobi kutoka Nakuru. Hapo hatuna ubishi. Nilipoanza kumsifia msanii mmoja wa siku hizi kwa ajili ya video yake, nikanyamaza mwenyewe katikati ya sentensi.

Michezo ndiyo iliyonitisha. Nilidhani hiyo imekwisha kabisa. Kisha nikasoma kuhusu The Last of Us Part II (2020), iliyotoka na vipengele zaidi ya 60 vya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu, na wachezaji vipofu wakaumaliza mchezo mzima. Mwaka 2023 Forza Motorsport ikaweka msaada wa kuendesha gari kwa sauti kwa asiyeona. Sikuweza kumshawishi kaka kwa hiyo ya kwanza, alisema hana subira ya kutambaa vichakani. Lakini Street Fighter 6, ya mwaka huohuo 2023, inacheza hata kwenye PS4 yangu kuukuu. Michezo ya ngumi tangu zamani imekuwa rafiki wa masikio, kwa sababu wapiganaji wawili wako kushoto na kulia na kila pigo lina mlio wake. Hii imeongeza sauti za kuwasha kwenye mipangilio, mojawapo inakujulisha mpinzani yuko umbali gani. Unavaa hedifoni, unasikia anakaribia.

Siku ya kwanza nilimpiga, na sikujisikia vizuri. Siku ya pili akanipiga mara mbili. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nafunga macho ili nione anasikia nini, na kwa kweli nilianza kucheza vizuri zaidi nikiwa nimeyafunga, jambo ambalo siwezi kulieleza kiufundi. Aliponipiga mara ya 11 mfululizo aliweka pedi chini akauliza kama lile jedwali bado liko kwenye friji.

Nilikuwa nimeamini hakuwahi kuliona.

"Hilo nililiona," akasema.

Nikamwambia nilikwishalitoa. Akasema nitafute karatasi nyingine. Kwa hiyo lipo sasa, kwangu, na mke wangu ndiye anayelijaza kwa sababu haniamini.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye Squid Game, ile ya Korea ya mwaka 2021. Sauti ya Kiingereza ipo lakini kaka anataka wasikike wenyewe kwa Kikorea, kwa hiyo nasoma maandishi na kueleza picha kwa wakati mmoja, kazi ambayo sitamtakia adui. Katika hadithi hiyo kuna polisi anayeingia kisiwani kwa siri kumtafuta kaka yake aliyepotea. Msimu wa kwanza una vipindi 9. Tulikuwa tumemaliza cha 7, stima ikapotea mtaa mzima, na betri ya kompyuta yangu ni ya kuonyesha tu.

Tukakaa gizani. Ni mimi tu niliyekuwa napapasa, yeye alikwenda jikoni akaleta chai. Kisha akaketi na kusema, "Sasa sikiliza." Akanieleza kwamba yule polisi atamkuta kaka yake miongoni mwa wachezaji, amevaa ile nguo ya kijani yenye nambari, hajitambulishi kwa sababu ya aibu. Polisi atamjua kwa sauti. Watabadilishana nguo, watapita kwenye bomba la maji, na watatoka wote wawili, na mashua itakuwa haina mafuta lakini upepo utawasukuma. Milio ya bunduki ilikuwepo, na injini ya mashua.

Mimi nilikuwa nimeshaiona yote. Waliotazama wanajua yule kaka yuko wapi na anafanya nini kwenye kipindi cha 8. Sikusema.

Stima ilirudi saa nne usiku. Nikauliza kama tuendelee, akasema imetosha, imeishia vizuri. Vipindi viwili bado vimo kwenye kompyuta yangu na hajaviulizia.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo tunahitaji kitu kipya. Tayari tumepitia Supa Modo (2018) mara mbili, ile ya Likarion Wainaina ya msichana mgonjwa ambaye kijiji kizima kinamfanyia sinema, na ameomba ya tatu, lakini mimi siwezi kuisimulia bila sauti kukatika. Kama unajua sinema yenye maneno mengi na milipuko michache, ikiwezekana ya Kiswahili, niandikie. Isizidi saa mbili. Na tafadhali isiwe na magari.